Kimbunga Kinakuja na Mzazi Yuko Nyumba ya Wazee: Abaki, Ahamishwe, au Umchukue?

Wengi wetu tunaoishi Houston na miji mingine ya pwani ya Ghuba ya Mexico tunazijua nyumba za wazee kutoka ndani. Tumevaa sare zao, tumewageuza wagonjwa usiku wa manane wasipate vidonda vya mgongo, tumewalisha kwa kijiko. Sasa miaka imekwenda, na wazazi tuliowaleta wenyewe kutoka Mombasa, Tanga au Bukavu wameanza kulala kwenye vitanda vilevile. Shangazi yangu aliingia humo baada ya kiharusi cha pili, tuliposhindwa kumnyanyua nyumbani bila kumuumiza. Kumpeleka kulituuma, na maumivu hayo hurudi kila mwaka tarehe 1 Juni, msimu wa vimbunga unapofunguliwa, hadi unapofungwa tarehe 30 Novemba.

Kimbunga kikitajwa tu, ndugu wanagawanyika. Mmoja anasema, "Wana jenereta, wana manesi, mwacheni alipo." Wa pili anasema nyumba ina mabasi yake na mpango wake, waondoke naye. Wa tatu yuko Dallas, ameshajaza mafuta gari. Wote wanampenda mgonjwa, na kila mmoja ana tukio la kutisha la kutetea hoja yake.

Matukio hayo ni ya kweli. Tarehe 29 Agosti 2005, kimbunga Katrina kilipopiga, nyumba ya St. Rita's katika eneo la St. Bernard, Louisiana, haikuwa imehamisha wazee wake. Kuta za kuzuia mafuriko zilibomoka, maji yakapanda kwa dakika chache, na wazee 35 wakafa maji humo ndani. Wiki tatu na nusu baadaye kimbunga kingine, Rita, kikaelekea Texas, na wazee wa Brighton Gardens ya Bellaire wakapakiwa kwenye basi mapema. Basi likakesha kwenye msongamano, na alfajiri ya tarehe 23 Septemba likashika moto karibu na Wilmer, kusini mwa Dallas. Mitungi ya oksijeni ikalipuka. Walikufa 23.

Mwaka 2017 Florida, baada ya kimbunga Irma, wazee wa kituo cha Hollywood Hills walibaki kwenye jengo ambalo kiyoyozi chake kilikuwa kimezimika. Walikufa 12, na ng'ambo ya barabara kulikuwa na hospitali yenye umeme. Mwaka 2021, Ida ilipokuja, wazee zaidi ya 800 kutoka nyumba saba za Louisiana walihamishiwa ghala moja huko Independence, magodoro yakiwa sakafuni na vyoo havitoshi. Vifo kadhaa vilihusishwa na kimbunga hicho, na jimbo likazifutia leseni nyumba zote saba.

Kwa hiyo wamekufa waliobaki na wamekufa waliohamishwa. Katika matukio hayo manne hakuna aliyeuawa na upepo. Waliuawa na maji, joto, barabara na kukosa mtu wa kuwashughulikia kwa wakati. Ndiyo sababu nimeyafanya hayo kuwa vipimo vya ulinganisho huu.

Vipimo vyenyewe

Cha kwanza ni maji: jengo liko wapi, na maji yanaweza kufika kitandani? Cha pili ni umeme na joto, kwa sababu mwili wa mzee haujipoozi kama wa kijana, na dawa nyingi za moyo na presha huuzidishia udhaifu huo. Cha tatu ni safari yenyewe. Cha nne ni watu: nani atakuwa naye saa nane usiku, siku ya tatu? Cha tano ni dawa, karatasi na lugha. Hiki cha mwisho watu hukipuuza, ila kwetu sisi ni kizito. Mzee aliyepoteza kumbukumbu mara nyingi hupoteza kwanza lugha aliyojifunza ukubwani. Shangazi yangu alizungumza Kiingereza kizuri kwa miaka kumi na minane. Siku hizi akiwa na kiu anasema "maji", na asiyejua neno hilo hudhani anaugulia tu.

Majibu utayapata wapi? Kwenye nyumba yenyewe. Tangu Novemba 2017, kanuni ya serikali kuu ya Marekani inaitaka kila nyumba ya wauguzi, yaani nyumba ya wazee yenye wauguzi, inayopokea Medicare au Medicaid (bima za afya za serikali kwa wazee na kwa wenye kipato kidogo) iwe na mpango wa dharura, iufanyie mazoezi, na iwe na njia ya kuwaeleza wakazi na familia zao kuhusu mpango huo. Matokeo ya ukaguzi wa karibuni lazima yawekwe mahali ambapo yeyote anaweza kuyasoma. Usione haya kuomba. Niliwahi kuona binti mmoja akiomba mpango huo kwa sauti ya mtu anayekopa pesa, na hiyo ni haki yake.

Chaguo la kwanza: Abaki palepale

Maji. Hapa ndipo pa kuanzia, na likishindikana hapa hakuna haja ya kuendelea. Uliza jengo liko eneo gani la uhamisho na kama lina ghorofa. Nyumba nyingi za wazee ni za chini tu, maana ni rahisi kusukuma viti vya magurudumu. Mwaka 2017 mvua za kimbunga Harvey ziliwakuta wazee wa La Vita Bella, huko Dickinson, wamekaa kwenye viti vyao, maji yakiwa kiunoni. Picha yao ilizunguka dunia nzima. Waliokolewa, lakini kuokolewa namna ile si mpango. Jibu la "hapa hapajawahi kufurika" lisikutulize.

Umeme na joto. Neno "tuna jenereta" limewadanganya wengi. Jenereta nyingi huendesha taa za dharura, kengele za moto na mashine za kupumulia, basi. Pale Hollywood Hills kimbunga kilikata umeme wa transfoma iliyolisha kiyoyozi, jenereta haikuwa imeunganishwa na kiyoyozi hicho, na feni na vipoozeo vya kuhamishika havikutosha. Baada ya msiba ule Florida ilitunga sheria mwaka 2018: kila nyumba ya wauguzi iwe na nguvu ya umeme na mafuta ya kuweka joto lisizidi nyuzi 81 za Farenihaiti, yaani 27 za Selsiasi, kwa saa 96. Si lazima majimbo mengine yawe na sheria kali kama hiyo. Uliza swali moja kwa maneno haya: "Umeme ukikatika, kiyoyozi cha chumba cha mama yangu kitaendelea kufanya kazi? Kwa siku ngapi?" Wakikujibu kwamba kuna ukumbi mmoja tu utakaopoozwa, hilo si jibu baya, mradi wakueleze watu wangapi wanatoshea humo na nani atawasogeza. Hapa Houston hatuna haja ya kukumbushwa: baada ya kimbunga Beryl, Julai 2024, wateja zaidi ya milioni mbili walikosa umeme, na wapo waliokaa zaidi ya wiki gizani wakati wa joto kali.

Safari. Hakuna, na hiyo ndiyo faida kubwa ya kubaki. Hatari ni ile safari isiyopangwa, ya kubebwa usiku kwa mtumbwi baada ya mambo kuharibika.

Watu. Niliwahi kuingia zamu Ijumaa jioni nikatoka Jumatatu mchana. Mwenzangu wa kunipokea alikuwa amezingirwa na maji kwake, na mwingine alikuwa na watoto wadogo asioweza kuwaacha. Tulibaki watatu kwenye korido ya wazee zaidi ya thelathini. Hatukulala, na bado wapo waliochelewa kubadilishwa pampasi na waliokosa kugeuzwa kwa saa nyingi. Sikuwa mtu mbaya usiku ule, wala wenzangu. Ila mzee aliyeachwa na maji ya mkojo kwa saa sita ametelekezwa, hata kama waliomtelekeza walikuwa wanakimbia huku na huko. Uliza kama kuna kikosi cha kulala hapohapo kabla ya kimbunga, na kama watoto wa wafanyakazi wanaruhusiwa kuja nao. Nyumba iliyofikiria watoto wa wahudumu imefikiria na mengine.

Dawa, karatasi na lugha. Kubaki kunashinda hapa. Dawa zipo kabatini, faili lipo, na yule mhudumu Mkongo wa zamu ya asubuhi anajua kwamba "nataka kujisaidia" si kelele.

Anayefaa kubaki ni mgonjwa dhaifu sana, mwenye mpira wa kulishia au anayepoteza kumbukumbu kiasi cha kuchanganyikiwa akihamishwa chumba tu, aliye kwenye jengo la mbali na maji ambalo jenereta yake inaendesha kiyoyozi kweli.

Chaguo la pili: Ahamishwe pamoja na nyumba

Maji. Akiwahi kuondoka, tatizo hili linaisha. Kwa jengo la kisiwani Galveston au lililo usawa wa bahari, sioni mjadala.

Umeme na joto. Swali linahama kutoka hapa kwenda kule. Uliza jina la mahali wanakohamia na ni mahali pa aina gani. Nyumba nyingine ya wauguzi yenye leseni, iliyo bara, yenye vitanda na jiko, ni jambo moja. Ukumbi, shule au ghala ni jambo jingine kabisa. Familia za wale waliopelekwa Independence hazikuwa na kosa. Ziliambiwa wazee wamehamishwa, zikashukuru Mungu. Kuna mtu aliyepaswa kuuliza, "Wamehamishiwa wapi, na kila mmoja ana kitanda?" Uliza pia kuhusu basi: lina kiyoyozi, na lina sehemu ya kufungia viti vya magurudumu?

Safari. Rita ilifundisha mambo mawili machungu. Kwanza, zaidi ya watu milioni mbili wakiingia barabarani kwa siku mbili, kilomita mia nne kasoro za kwenda Dallas zinageuka safari ya usiku kucha, kwa watu wasioweza kwenda haja wenyewe. Pili, basi la kukodi halikaguliwi na muuguzi. Uchunguzi wa moto ule ulionyesha kwamba beringi za gurudumu la nyuma zilikosa grisi zikapata moto. Nyumba ikikwambia ina mkataba na kampuni ya mabasi, uliza kampuni hiyohiyo imeahidi nyumba ngapi nyingine. Siku ya siku, basi moja haliwezi kwenda mara tano.

Kuna na madhara yasiyoonekana kwenye picha za habari. Watafiti wakiongozwa na Lisa Brown walifuatilia wazee zaidi ya 21,000 wenye ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu waliokuwa kwenye nyumba za wauguzi wakati wa vimbunga Katrina, Rita, Gustav na Ike. Waligundua kwamba kuhamishwa kwenyewe kuliongeza uwezekano wa kufa kwa asilimia 2.8 ndani ya siku 30, na 3.9 ndani ya siku 90. Si lazima mtu afe kwenye ajali. Mzee anaweza kufika salama, akakataa kula, akaanguka usiku akitafuta choo kilichokuwa upande mwingine, dawa zake zikavurugika, kisha homa ya mapafu ikamchukua wiki ya tatu. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema "heri kuhama kuliko kujuta" kama vile kuhama hakuna gharama.

Watu. Wahudumu wao wanasafiri nao, au wazee wanakabidhiwa kwa wageni? Nyumba nzuri hupeleka angalau baadhi ya wauguzi wake na kulala nao huko. Kiwango cha wahudumu kikishuka, wa kwanza kuumia ni asiyeweza kubonyeza kengele.

Dawa, karatasi na lugha. Hapa wewe ndiye mlinzi wake mkuu. Mkanda wa mkononi wenye jina na tarehe ya kuzaliwa. Orodha ya dawa iliyochapishwa, kwa sababu kompyuta za nyumba ya kwanza hazifunguki nyumba ya pili. Na kadi ya lugha: karatasi ngumu iliyotiwa plastiki, upande mmoja Kiswahili na upande wa pili Kiingereza, yenye maneno kumi tu. Maji. Choo. Naumwa. Baridi. Joto. Nina njaa. Nigeuze. Sioni. Mpigie mwanangu. Niombee. Mimi niliyatia na maneno mawili ya Kisambaa, maana shangazi akiogopa hurudi huko. Ning'iniza kadi hiyo kwenye kiti chake tangu Juni, usingoje tangazo.

Chaguo hili linamfaa mwenye mzazi kwenye jengo la bondeni au karibu na bahari, nyumba ikiwa na mahali pa kweli pa kwenda na desturi ya kuondoka siku tatu kabla. Linamfaa pia mwenye mgonjwa asiyebebeka kwa gari dogo.

Chaguo la tatu: Umchukue mwenyewe

Hili ndilo ambalo moyo unalitaka. Kwetu kumwacha mzazi mikononi mwa watu siku ya hatari ni fedheha, na najua mashangazi wa nyumbani watakavyouliza kwenye simu. Lakini tulipime kama mengine.

Maji. Inategemea kwako. Ukimtoa kwenye nyumba ya chini ukampeleka ghorofa ya tatu ya apatimenti, mafuriko hayatamfikia, ila lifti ikizimika hatashuka hata kwa ambulensi bila vijana wanne.

Umeme na joto. Mashine ya oksijeni ya nyumbani hutumia umeme wa ukutani. Godoro la hewa vilevile, na insulini inataka ubaridi. Uliza kampuni ya oksijeni mitungi ya akiba mapema. Na kama utakopa jenereta ndogo, ikae nje, mbali na madirisha. Moshi wake huua familia nzima usingizini, na huwa haunuki vya kumwamsha mtu.

Safari. Faida yako ni kwamba unaweza kuondoka kabla ya wote, hata kabla ya amri. Mwenye ndugu Dallas, San Antonio au Austin akiondoka saa 72 kabla, ni safari ya kawaida yenye kusimama mara mbili. Akingoja hadi saa 24, atakuwa kwenye foleni ileile ya basi, akiwa hana muuguzi. Kumbukumbu ya Rita ndiyo iliyowafanya viongozi wa Houston mwaka 2017, wakati wa Harvey, wasiamuru jiji zima kuhama.

Watu. Jiulize bila kujionea huruma: tuko wangapi tunaoweza kumnyanyua? Mmoja hatoshi. Kumgeuza kila saa mbili, usiku na mchana, kwa siku tano, kunamchosha hata mhudumu mwenye uzoefu. Hapa sisi tuna baraka ambayo majirani wengi hawana. Jamaa wa msikitini, wa kanisani, wa chama cha mji wetu, watakuja ukiwaita. Waite kabla, wape zamu kwa majina. Wengi wao ni wahudumu kwa kazi. Wanajua kunyanyua bila kuvunja mgongo.

Dawa, karatasi na lugha. Lugha umeshinda. Dawa, omba za siku saba na maelezo yaliyoandikwa. Kama maji yake ya kunywa hutiwa unga wa kuyafanya mazito asipaliwe, chukua na unga huo. Kisha kuna jambo la kitanda: nyumba inatakiwa ikupe kwa maandishi utaratibu wake wa kukishikilia kitanda mkazi anapotoka kwa muda, na siku zinazolipiwa na Medicaid hutofautiana jimbo kwa jimbo. Usitoke bila kusoma karatasi hiyo. Ukiwa Texas, piga 211 umwandikishe kwenye orodha ya jimbo ya wanaohitaji msaada wa dharura, ingawa kuandikishwa si ahadi kwamba gari litakuja.

Linamfaa mzee anayeweza kukaa ndani ya gari, anayekula mwenyewe au kwa msaada mdogo, mwenye watoto wawili watatu wenye nguvu na mahali pakavu pa kwenda.

Kulingana na hali yako

Kama jengo liko eneo la kuhamishwa kwa lazima, kubaki kumetoka kwenye orodha. Umebaki na mawili, na la kuamua ni mwili wa mgonjwa: akiweza gari, mchukue mapema, asipoweza, aende na nyumba, nawe umfuate kwa gari lako hadi mlangoni.

Kama jengo liko juu, mbali na maji, na mzazi ana ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu uliokomaa, mimi ningeelekea kumwacha, kisha ningetumia nguvu zangu zote kwenye suala la kiyoyozi. Ningekwenda pia kukaa naye kama wakiruhusu. Ndivyo tulivyofanya kwa shangazi, kwa zamu, kila mmoja na chupa zake za maji na feni ya betri.

Kama nyumba inakwepa maswali, haitaji mahali wanakohamia, haionyeshi mpango, tatizo lako si kimbunga kijacho. Soma ripoti zake za ukaguzi kwenye tovuti ya Medicare, mpigie afisa mtetezi wa wakazi wa nyumba za wazee, ambaye kila jimbo linaye, na anza kutafuta nyumba nyingine wakati jua linawaka. Kwa msimu huu, panga kumchukua.

Kama mgonjwa husafishwa damu kwa mashine ya figo, uamuzi wowote uanzie kwenye kituo cha kusafishia damu: ratiba itahamia wapi, na ataingizwa mapema kabla ya kimbunga? Nyumba yenye ulinzi kamili isiyo na jibu la hilo bado haijamlinda huyu.

Na kama uko mbali, Dar, Muscat au London, huwezi kubeba wala kusukuma. Unachoweza ni kuhakikisha jina lako limeandikwa kwenye orodha ya wanaoruhusiwa kupewa habari, maana nyumba haitazungumza na mtu asiyeandikwa hata akilia. Chukua jina la mji wanakohamia na namba ya simu ya huko, si ya ofisi itakayokuwa imefungwa. Ukishaipata, ipigie mara moja siku ya kawaida, usikie nani anapokea.